Chenga ya Kifundo

Wachezaji wa zamani wana ugonjwa mmoja usio na dawa: kila mmoja wao alikuwa hatari. Muulize yeyote mwenye kitambi na goti bovu, atakueleza alivyowatesa mabeki mpaka wakaomba kubadilishwa, na wewe huna pa kwenda kuhakikisha, maana enzi zake hakuna aliyekuwa na simu ya kupiga picha. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba bwana anayeitwa Kifundo alikuwa na chenga isiyozuilika, una haki ya kutabasamu na kuomba chumvi ipunguzwe. Binti yake mwenyewe alikuwa akitabasamu hivyo hivyo.

Ilikuwa kweli, hata hivyo. Kifundo alicheza winga ya kulia, na alikuwa na namna yake ya kumfikia beki, kumtazama, kisha kupita, ambayo hakuna aliyeweza kuieleza. Beki aliyepitwa hakuanguka wala hakuteleza. Alibaki wima, amegeukia upande usio na mtu, anashangaa yeye mwenyewe amefikaje huko. Mashabiki walipomuuliza siri ni nini, alijipiga kwenye kifundo cha mguu wa kulia akasema, "Yote yako hapa." Ndiyo maana akaitwa Kifundo, na vijana wengi waliojaribu kuvikunja vifundo vyao kama yeye waliishia kuchechemea. Kisha mshipa wa goti ukakatika kwenye mechi ya mazoezi, mechi isiyokuwa hata na refa, na mambo yakaishia hapo. Mkewe alikutana naye hospitalini akiwa juu ya magongo. Binti yao alizaliwa baadaye, na baba aliyemjua ni huyu anayeshuka ngazi upande upande akiwa ameshika ukuta.

Mla ni mla leo, mla jana kala nini. Kifundo alilijua hilo na hakuwa mtu wa manung'uniko. Alilinda ghala, akaendesha gari la mikate, akauza mabomba na koki dukani kwa mtu. Ndipo kampuni moja ya kutengeneza gemu ilipomtafuta. Walikuwa wanatengeneza gemu ya mpira kwa ajili ya mashine mpya ambayo ilikuwa haijafika madukani, na mashine hiyo ilikuwa na vituko vyake. Badala ya pedi ya kubonyeza kwa vidole, mchezaji alishika vishikio viwili vidogo, kimoja kila mkono, na gemu ikafuata mwendo wa mikono yake. Ukiipeleka mikono kushoto, mtu wako anakwenda kushoto. Ukiirusha mbele, anapiga shuti. Ukiwa beki, ukiitanua, naye anatanua miguu kuziba njia. Mtu akiicheza sebuleni anatoka jasho la kweli, na vikombe vya mezani vinakuwa hatarini.

Vijana wa kukimbia na kuruka kampuni ilikuwa nao. Walichokosa ni mtu wa mambo madogo: namna winga anavyopokea mpira na mgongo ukiwa kwa adui, anavyogeuza bega, anavyodanganya kwa macho. Kwa mambo hayo goti bovu si hoja, mradi ulifunge bandeji vizuri na ulipumzishe kila linaponuna.

Kifundo aliipenda kazi hiyo kuliko alivyoonyesha. Asubuhi alivaa suti nyeusi ya kubana, iliyokichora kitambi chake bila huruma, yenye vidude vidogo vilivyoshonewa kwenye kila kiungo. Alipotikisa bega, mtu wa kwenye skrini naye akatikisa bega. Hila karibu zote zilizomo ndani ya gemu zilitoka mwilini mwake, na kwa kuwa alijua kila moja ilikoanzia, akawa beki asiyepitika pale ofisini. Mtu akishika vishikio na kujaribu kumpita, Kifundo alimnyang'anya mpira huku akiendelea kupiga soga na jirani. Kushindwa hakukujua hata kidogo. Heri ang'olewe jino kuliko kupitwa na mhasibu.

Lakini alichokitaka moyoni kilikuwa kimoja tu. Mkuu wa studio alikuwa amemwahidi kwamba chenga yake mwenyewe itaingia kwenye gemu, na kila atakayeinunua ataweza kuipiga kwa mikono yake. Kifundo hakuwa na picha ya chenga hiyo, wala mkanda, wala kipande cha gazeti. Ikiingia humo, itakuwepo. Isipoingia, itabaki kuwa porojo ya mzee mmoja anayechechemea. Na tatizo lilikuwa kwamba, kwenye gemu, chenga ile haikumpita mtu.

Kila aliyewekewa aliizuia. Hata mpishi wa kantini, aliyekuwa amepita kukusanya sahani, alishikishwa vishikio akaizuia, akauliza kama kuna nyingine ngumu zaidi. Mkuu, mtu mpole mwenye sauti ya chini na msimamo usiopinda, aliizuia kila alipojaribiwa, na Jumatano asubuhi akamwita Kifundo pembeni, karibu na dirisha.

"Kaka, nikwambie ukweli au nikupambe?"

"Mapambo waachie maharusi."

"Chenga haifanyi kazi. Ijumaa tunafunga mlango. Ambacho hakijakaa sawa kinabaki nje, na pale pako nitaweka chenga nyingine ya kawaida. Si kwamba sikuamini."

"Ungekuwa unaniamini ungeniongezea wiki."

"Wiki sina. Ningekuwa nayo, ningekupa."

Kifundo alimtazama usoni akaona anasema kweli, na hilo likamuudhi zaidi, kwa sababu lilimnyima hata mtu wa kumkasirikia. Akarudi kwenye chumba cha kunasia miondoko, chumba kisicho na dirisha, chenye sakafu ya mpira na kamera zilizozunguka dari nzima, na huko alikuwa akimngoja Miwani.

Miwani alikuwa binti mtaalamu wa programu, mwembamba, mwenye miwani mizito iliyompa jina, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuigeuza miondoko ya Kifundo kuwa gemu. Kuhusu mpira alikuwa hajui chochote. Siku ya kwanza waliyofanya kazi pamoja, alimwuliza Kifundo kama kipa amevalishwa rangi tofauti kwa sababu amefanya kosa. Kifundo alitoka nje kuvuta hewa, akamwambia mlinzi wa mlangoni kwamba haki ya Mungu haitachukua mwezi ataacha kazi.

Hakuacha, na sababu ilikuwa huyo huyo Miwani. Binti aliweza kulitazama tendo moja la bega tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana, akilirudisha nyuma na kulipeleka mbele, mpaka akamwambia Kifundo kwamba haanzi na bega, anaanza na ubavu. Kifundo alikwenda mbele ya kioo cha chooni akajaribu, akakuta ni ubavu. Makocha waliomfundisha maisha yake yote hawakuwahi kumtazama hivyo. Tangu siku hiyo alimheshimu, ingawa heshima yenyewe aliificha ndani ya utani.

"Shikamoo mzee," Miwani alisema bila kuinua macho kutoka kwenye skrini.

"Marahaba. Uzee umeutoa wapi? Umeambiwa?"

"Nimeambiwa. Vaa, turudie. Tunayo leo na kesho."

Kila kidude kwenye suti kilituma mstari kwenye skrini ya Miwani. Mwili ukitikisika, mstari unapanda na kushuka. Mwili ukienda kwa nguvu, mstari unaruka. Kifundo alisimama katikati ya chumba, akavuta pumzi, akaja hatua chache na bega likicheza, kisha akapita upande wa kulia wa beki asiyekuwepo. Goti lililia kidogo likanyamaza.

"Imekatika tena," Miwani alisema.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Kila Kifundo alipoipiga chenga ile, na chenga ile peke yake, mistari yote ilikatika kwa kitambo cha kupepesa jicho, ikalala chali kabisa, halafu ikarudi. Miwani alikuwa ameshabadilisha betri, akabadilisha vidude, akabadilisha waya. Akaomba radhi kwa niaba ya vifaa. Haikuwa hasara kubwa, alivyoona yeye, kwa kuwa alikuwa ametengeneza programu ndogo ya kuziba mapengo ya namna hiyo. Programu hiyo iliangalia mwendo ulivyokuwa kabla ya pengo na ulivyokuwa baada yake, kisha ikachora katikati kile kilichopaswa kuwepo. Ofisi nzima iliisifu. Bila hiyo, wachezaji wa kwenye gemu wangetembea kama kuku aliyefungwa mguu.

Walitazama pamoja chenga ilivyotoka. Mtu wa kwenye skrini alikuwa Kifundo mtupu, mpaka namna ya kubeba mikono, ila alipita laini mno, kama anayekwepa dimbwi ili asiloweshe viatu. Mtu yeyote angemzuia. Kifundo mwenyewe angemzuia.

"Nilikuwa hivi?" aliuliza.

"Mimi sikukuona enzi hizo, mzee. Nachora unachonipa."

Nyumbani jioni, mezani, aliwaambia. Mkewe akasema kazi ni kazi, mshahara si unakuja? Binti yao alikuwa amemaliza shule na anangoja matokeo, na kwa wakati huo shughuli yake kubwa ilikuwa kuwa na maoni juu ya kila kitu. Kifundo alitegemea kejeli. Badala yake binti alisogeza kiti, akamshika baba yake mkono.

"Baba, usiumie. Labda ilikuwa nzuri kwa wakati wake. Siku hizi mabeki wamesoma."

Angemcheka ingekuwa nafuu. Alimhurumia, na huruma ya mtoto kwa mzazi haina pa kushikwa. Huwezi kuikemea wala kuijibu. "Labda," alisema Kifundo, akaendelea kutafuna chakula ambacho kilikuwa hakina ladha tena.

Alhamisi alifika kazini akiwa ameshaanza kuaga moyoni. Alimkuta Miwani amekaa sakafuni katikati ya vidude vilivyotapakaa, vyote vipya, vimetoka kwenye makaratasi yake.

"Mzee, vaa ukae kwenye kiti. Usifanye chochote."

"Hiyo kazi naiweza."

Alikaa. Mistari kwenye skrini ilitetemeka polepole kwa pumzi yake na mapigo ya moyo. Miwani akamwambia afumbe macho. Kifundo, ambaye usiku hakulala vizuri, alifumba, na haukupita muda akaanza kukoroma. Mistari ikaendelea kutetemeka, tena ya kifuani ikawa inapanda na kushuka kwa kukoroma. Miwani alimwacha kidogo, kisha akamgusa bega.

"Sasa piga chenga."

Akainuka, akanyoosha goti, akaipiga. Mistari ikalala chali. Yote, ya miguu, ya mabega, ya kifua.

Miwani alivua miwani, akaifuta na ncha ya blauzi, akaivaa. "Mzee, vifaa ni vizima. Ni wewe."

"Mimi nimefanyaje?"

"Unasimama. Mtu akilala usingizi anatikisika, tumeona sasa hivi, na samahani kwa kukuamsha. Wewe katikati ya chenga hutikisiki kabisa. Hata pumzi unaikata. Mwili hauna kawaida ya kufanya hivyo, ndiyo maana nikadhani ni kifaa kimekufa. Na programu yangu nayo ikadhani hivyo hivyo, kwa sababu mimi ndiye niliyeifundisha. Kila ukiipiga, sisi tunakuja nyuma tunaifuta."

Kifundo aliketi. Hakupenda alichokisikia. "Binti, nisikilize. Hii chenga ni kifundo. Mguu unaingia ndani, kifundo kinakunjuka. Nimeipiga mimi, hukuipiga wewe."

"Nakubali."

"Basi."

"Basi ipige ukiwa umekaa."

Alimtazama kama aliyetukanwa. Lakini Miwani hakuwa anatania. Alikuja akasimama mbele ya kiti, mkononi ana kikombe chake cha chai, na akasema kwamba miguu aiache chini ya kiti, asiitumie, afanye ya juu tu, na yeye atajifanya beki. Kifundo akaona hapa ndipo pa kumaliza ubishi. Akaanza kuchezesha ubavu na bega akiwa amekaa, polepole, kisha kwa kasi, macho yake kwenye macho ya Miwani. Halafu, pale pale ambapo siku zote mwili wake uliacha kumwambia chochote, akaegemea kushoto.

Chai yote ilimwagika. Miwani alikuwa amekwenda upande wa pili, hatua nzima, na kikombe kimegonga ukuta. Mtu asiyejua kazi ya kipa alikuwa amekula chenga ya mtu aliyekaa kwenye kiti.

Walitazamana. Miwani ndiye aliyeanza kucheka, na Kifundo akamfuata, mpaka fundi wa taa akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Walipotulia, Kifundo alikitazama kifundo chake kwa muda.

"Vijana wangapi nimewapeleka kwa mganga wa viungo kwa kuniiga," alisema.

"Kinyozi hajinyoi, mzee. Wewe ulikuwa ndani yake. Ungeionaje?"

"Sasa kwa nini wanakwenda?"

Miwani alifikiri kwanza. "Nadhani beki hafuati mguu wako. Anafuata mtikisiko wako, anaingia kwenye mdundo wako bila kujua. Halafu wewe unaukata ghafla. Mwili wake unaendelea kucheza ngoma ambayo haipigwi tena. Unamwacha huko."

 Watu wengi walikuwa wamemsifu Kifundo maishani, wakiwa wamelewa na wakiwa wazima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kwa usahihi anasifiwa kwa nini. Alijisikia kama aliyerudishiwa kitu chake kikiwa kimesafishwa. Alitaka kumwambia hivyo, badala yake akachukua tambara akaanza kufuta chai sakafuni.

Kilichofuata ndicho alichokuja kukisimulia kwa watu baadaye kuliko chenga yenyewe. Miwani alirudi kwenye kiti chake, akafungua ile programu yake ya kuziba mapengo, ile iliyosifiwa na ofisi nzima, na bila kuguna wala kutafuta visingizio akaanza kuikatakata. Mtu mwingine angesema kifaa kilikosea, au angesema tungoje toleo lijalo. Kifundo alikuwa amefundishwa na makocha waliokuwa radhi kupoteza kombe kuliko kukubali kwamba walimpanga mtu vibaya. Huyu alikosa, akaona amekosa, na dakika ile ile mikono yake ikawa inatengeneza. Aliiachia programu izibe mapengo ya kweli, pale kidude kimoja au viwili vinapopotea. Vyote vikilala pamoja, isiguse kitu. Kisha akahamia kwenye vishikio, ambako kulikuwa na kosa la namna ile ile: mikono ikitulia, gemu ilidhani mtu anapumzika. Akaifundisha kutofautisha mkono uliopumzika na mkono uliokatwa katikati ya mwendo. Kifundo alikaa nyuma yake mchana kutwa, akimletea maji, asielewe hata mstari mmoja wa alichokuwa akiandika, na asiweze kuondoa macho.

Ijumaa asubuhi Mkuu aliingia kwenye chumba kikubwa cha kujaribia, chenye kochi na skrini pana ukutani. Alisikiliza maelezo ya Miwani mpaka mwisho, mikono mfukoni.

"Nimekuelewa," alisema. "Ila ninyi wawili mmeilea, mtanipita hata kwa kunizoea. Nataka aipige mtu ambaye hajawahi kushika vishikio hivi. Na beki awe yule ambaye humu ndani hapitiki."

Watu wote wakageuka kumtazama Kifundo.

"Mimi?" alisema. "Si utasema nimemwachia?"

"Wewe? Uachie?" Mkuu alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Juzi ulimkatalia bao mtoto wa mhasibu siku yake ya kuzaliwa."

Hilo lilikuwa kweli na hakuwa na la kujitetea. Ikabaki kumpata mpigaji. Wakati wanatazamana, mlinzi alifungua mlango akasema kuna binti pale nje ameleta dawa ya goti ambayo baba yake ameisahau nyumbani. Mkuu akauliza kama binti huyo anajua kucheza gemu hii. Kifundo akasema hajui, na wala haamini. Mkuu akasema basi huyo huyo.

Binti alisimama mbele ya skrini akiwa na vishikio mikononi na aibu usoni, mfuko wa dawa ukining'inia kwenye mkono wa kulia mpaka Miwani alipouchukua. Miwani akamweleza kwa sauti ya chini, lakini Kifundo alisikia kila neno. "Njoo kwake ukicheza na mabega, mikono yako ndiyo mabega. Ukimkaribia, iache mikono ife. Usiipumzishe, ikate, na pumzi nayo ikate. Halafu ondoka."

"Niondoke lini?"

"Utajua."

Kifundo alishika vishikio vyake. Hapo ndipo alipogundua kwamba amewekwa njia panda. Akimzuia binti, chenga yake imekwisha, tena amei­ua mwenyewe. Akimwachia, itaingia kwenye gemu ikiwa ni uongo, na yeye atajua, kila siku atajua.  Kisha akatanua mikono, na mtu wake wa kwenye skrini akatanua miguu, na ule uhodari wake wa kukataa kupitwa ukampanda kichwani kama kawaida. Aliamua kuzuia kwa nguvu zake zote.

Mara ya kwanza binti alikuja akasimama muda mrefu mno. Kifundo alimnyang'anya mpira, watu wakaguna. Mara ya pili mikono ya binti ilitetemeka, na mpira ukaenda tena. Fundi wa taa akanong'ona kwamba mzee hana hata huruma ya uzazi. Binti alimgeukia baba yake, na Kifundo akaona kwamba ile sura ya huruma ya mezani haipo tena. Binti alikuwa amekasirika. Alitaka kumpita.

Alikuja mara ya tatu. Kifundo aliiona inakuja. Aliijua kuliko mtu yeyote aliye hai, alijua itapita kulia kwake, na alishaamua kutodanganyika kwenda kushoto. Yule mchezaji mdogo wa kwenye skrini alikuja na bega likicheza, bega lake mwenyewe Kifundo, ubavu ukitangulia, na mikono ya Kifundo ikacheza naye, kushoto, kulia, kushoto. Kisha kule mbele hakukuwa na kitu. Hakuna kilichotikisika. Na mikono ya Kifundo, bila kumwuliza, ikaenda kushoto peke yake.

Alipogeuka, binti alikuwa ameshapita. Mpira ulikuwa wavuni. Kifundo alirudi nyuma, kochi likamgonga nyuma ya goti, akakaa kwa kishindo.

 Mkuu alimgeukia. "Umemwachia?"

 Miwani alikuwa ameshainamia skrini yake ndogo, ambako mistari ya vishikio vyote vinne ilikuwa imechorwa. Aliitazama, akaigeuza Mkuu naye aione. "Hakumwachia. Angalia mikono yake. Imekwenda kabla mpira haujaondoka. Alikuwa ameshapotea."

Mkuu aliitazama mistari kwa muda, kisha akaitikia kwa kichwa. "Inabaki," alisema, akatoka, na watu wakaanza kupiga makofi, kwa Miwani na kwa binti na kwa mzee aliyekaa kwenye kochi.

Binti hakuwasikia. Alikuwa anaitazama mikono yake, halafu akamtazama baba yake, uso mzima ukiwa umebadilika, kana kwamba ameonyeshwa mgeni aliyekuwa akiishi nao siku zote.

"Baba," alisema taratibu. "Hivi ndivyo ulivyokuwa unawafanya?"

Kifundo alitaka kusema ndiyo. Alikuwa na hadithi za kutosha kwa jibu hilo, alizisimulia miaka yote bila kuombwa. Lakini macho yakamjaa maji, mbele ya watu, na hakuyaficha.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Mimi sikuwahi kuiona." Akajiinua kutoka kwenye kochi, akavishika vishikio vyake, akatanua mikono. "Nipite tena."